Bibi Aliyeshindwa Kurudisha Sahani

Tangu wiki iliyopita situlii. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia, na mwenzangu nyumbani amekwisha kunifukuza jikoni kwa kumsimamia njiani. Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisikia nikigombana na pikipiki zinazopita vichochoroni mwa Mji wa Kale kana kwamba kuta ni za mama zao, lakini safari hii sina ugomvi na mtu. Kuna bibi amefariki mtaani kwetu. Nilikuwa Makadara, nimesimama mbele ya karai nikingoja bajia za futari, Ramadhani ikiwa imebakisha siku za kuhesabika, simu ikaniambia kwamba ameanguka juu ya mbuzi ya kukunia nazi na hakuinuka tena. Bajia nilizilipia nikazisahau palepale. Hakuwa jamaa yangu. Alikuwa jirani wa kuamkiana na kutaniana, na bado nahangaika kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha jiko linawaka. Sababu ninayo. Aliniachia siri, na siri yenyewe ilikuwa na haraka.

Mtaani tulimwita bibi wa vyombo. Ukuta mmoja wa sebule yake ulijaa vidaka, vile vishubaka vya chokaa walivyovipenda wajenzi wa nyumba zetu za zamani, na kila kidaka kilikuwa na chake: sahani za udongo za Kichina zenye buluu iliyopauka, makombe mapana ya maua mekundu kutoka Ulaya, bilauri za kioo cha zambarau, mirashi ya shingo ndefu ya kunyunyizia marashi, hata chupa za soda za kale zenye gololi ndani. Watalii walipanda ngazi zake wakapiga picha. Lakini usidhani alikuwa mtu wa kukaa akavitazama. Ukienda leo mrashi uko juu, kesho uko chini, keshokutwa umehamia kando ya dirisha, naye ana kitambaa begani anazungukazunguka, hajaridhika. Marehemu mama yangu akisema bibi yule ana mchecheto wa mikono, na kwamba akifa itabidi sanda ifungwe mara mbili. Mungu amsamehe mama, mzaha wake haukuwa na mipaka.

Vyombo hivyo alivipataje? Ujanani alikuwa karani katika bohari moja kule Shimanzi, mojawapo ya yale yaliyokuwa yakiingiza vyombo vya nyumbani kutoka ng'ambo. Kasha likifunguliwa na sahani moja ikakutwa imevunjika, seti nzima ilikosa mnunuzi, na makarani waliachiwa wachukue. Basi yeye hakukosa sahani mpya, zenye mawaridi na ukingo wa dhahabu, zinazong'aa hata ukajiona meno. Na mji huu, tuseme kweli, ulikuwa umevichoka vyombo vya mababu. Sahani ambayo leo ingefungiwa kabatini ilikuwa ikilishia paka. Bakuli lililovuka bahari likabaki zima lilikuwa limetegwa chini ya bomba linalovuja. Bibi akija kuamkia, mdomo ulikuwa sebuleni na jicho limeshafika jikoni. Wiki ya pili anarudi na sahani za mawaridi, anaondoka na kikuukuu kimoja kifuani ndani ya buibui, na pande zote mbili zinaona zimepata. Kwetu alichukua kombe la buluu lenye samaki wawili wanaofukuzana, ambalo mama aliroweka ndani yake mbaazi. Dada yangu alikuwa karibu kuolewa, sahani mpya zikaingia katika vyombo vya arusi, na mama alimwombea dua bibi yule kwa sauti hadi majirani wakasikia. Nani aliyedhulumiwa hapo, mimi sijamwona mpaka leo.

Miaka mingi ikapita hivyo. Kisha Ramadhani ya mwaka jana mlango wetu ukabishwa, ikaletwa biriani kutoka kwa bibi wa vyombo, nami nilipofunua kawa sikuiona biriani. Niliwaona samaki wawili wanafukuzana. Nilikula nikiwatazama. Kesho yake mke wangu akaliosha kombe, akalijaza mahamri, na nikajitolea kulipeleka mwenyewe, jambo lililomshangaza kwa sababu mimi kutumwa na mahamri si kawaida yangu. Bibi alinifungulia. Aliutazama mzigo mikononi mwangu, akakaa kwenye ngazi.

"Na weye pia?" akaniuliza.

"Mimi pia nimefanyaje, Bi Mkubwa?"

"Umeregesha!"

Ndipo akanivuta nikae, akanisimulia. Kumbe miaka michache nyuma alitembelewa na ajuza mmoja wa mtaa huu huu, mwenye macho yaliyofifia, ambaye siku hizi hujua watu kwa sauti na vitu kwa vidole. Akamtilia supu katika bakuli la Kichina lililokuwa karibu. Ajuza akalishika kwa mikono miwili, kidole gumba kikapita ukingoni, kikakwama penye pengo dogo. "Bakuli hili kama letu la zamani," akasema. "Letu nalo lilikuwa na pengo papa hapa. Nalilivunda n'kiwa mdogo, mama akanitia fimbo hata nikakimbilia kwa jirani." Hakulaumu, hakuuliza. Alimaliza supu, akashukuru, akashikwa mkono akaenda zake. Na lilikuwa lao kweli, lilitolewa na mkaza mwana wake, yaani mke wa mwanawe, kwa sahani za mawaridi.

"Wallahi mwanangu, tangu siku ile usingizi sijui wenda wapi," bibi aliniambia. "Nikivitazama vidaka naona nyumba za watu. Hiki cha fulani, hiki cha fulani, na hili la mamako. Nataka viregee kwao kabla sijafa."

Nikamwambia neno ambalo nililiona jepesi: si awapelekee tu, awaambie ni vyao, wachukue? Alinitazama kama niliyemtukana. "Nimwambie bibi wa watu mbele ya wakaza wana wake kwamba chombo cha mamake kilitolewa kwa sahani za maua, nami nikapokea? Nitamtahayarisha yeye, na mkaza mwana, na mimi mwenyewe. Sitaki mtu atahayari kwa sababu ya udongo." Ndiyo maana alifikiria chakula. Chakula hakina maswali. Utatia tambi ndani ya bakuli, utalipeleka, watakula, na chombo kitabaki kwa wenyewe bila mtu kusema kitu.

Sasa hapo ndipo bibi aliyevijua vyombo vyote vya mji alipousahau mji wenyewe. Sahani ya jirani kwetu hairudi tupu. Hilo hatukufundishwa, tulilikuta, kama tulivyovikuta vichochoro. Ikija na sambusa itarudi na vibibi, na asiye na kitu atatia hata tende au ndimu mbili za uani, lakini tupu hairudi, na kutorudi kabisa ndiko kubaya zaidi. Bakuli la ajuza lilikwenda na tambi za nazi, likarudi na kaimati. Likaenda na mkate wa sinia, likarudi na viazi vya rojo. Kila chombo alichokipeleka kwa kwao kilioshwa vizuri, kikajazwa, kikaletwa mlangoni kwa salamu. Kulikuwa na sahani moja ambayo wenyewe walihamia kwenye magorofa ya Tudor. Akaituma huko, akiamini angalau umbali utamsaidia. Iliregeshwa kwa tuktuk na jirani yao wa mlango wa pili waliyemgawia tambi zake, mama mmoja wa kutoka bara ambaye mumewe yuko reli, ikiwa imejaa githeri, mahindi na maharagwe, mpaka ukingoni, naye akaomba radhi kwamba hajui kupika tambi. "Hata wageni tumewafundisha!" bibi alilia, na sikujua kama ni kicheko au ni machozi. "Nanenepa kwa adabu zenu, na vyombo havikai. Usimwambie mtu. Mkeo zaidi, maana atawaambia wote."

Nikarudi nyumbani na siri yangu. Biriani ya pili ilipokuja ndani ya kombe lile lile, nikamnong'oneza mke wangu, "Hili usilirudishe."

"Nisirudishe chombo cha mtu?"

"Yule ana vyombo vingi."

"Na sisi tuna jina moja," akasema, akaanza kukanda unga wa mahamri. Yapo mambo ambayo mume akiyaanza bila kueleza sababu amekwisha kushindwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiutazama mji huu kwa jicho la bibi yule, na sioni raha. Mkahawa mmoja mpya umechonga vidaka vya bandia katika ukuta wa saruji, umevijaza sahani zilizonunuliwa kwa mkupuo, na vijana wanapigia picha hapo kahawa yenye povu. Sahani zile hazina kwao. Upande wa pili, sisi wenyewe tumehamia magorofani ambako kidaka hakuna, na chakula siku hizi kinatoka kwa jirani kikiwa ndani ya kikasha cha plastiki ambacho mwenyewe anakwambia, "Tupa tu, usijisumbue." Nakiri kwamba ni rahisi. Lakini ule usumbufu ndio uliokuwa ukitufanya tubishiane hodi. Kikasha hakina haja ya kurudi, kwa hivyo hata mimi sina haja ya kuuona uso wako mpaka nitakaposikia umekufa. Nakasirika nikifikiri hivyo, kisha nakumbuka kwamba hodi zote zile za mahamri na kaimati ndizo zilizomzuia bibi asipumzike, nakasirika upya na sijui nimkasirikie nani. Kutoa ni moyo, tunaambiwa tangu utotoni. Hakuna aliyetuambia kupokea ni nini.

Ramadhani hii bibi aliijua hali yake. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Akafanya jambo ambalo hakulifanya kabla: badala ya kupeleka chombo kimoja kimoja, alivitoa vyote mfululizo, jioni baada ya jioni bila kungoja majibu, mpaka ukuta wa sebule ukabaki na vidaka vitupu. Nilimkuta amesimama mbele yake, kwa mara ya kwanza hana kitambaa begani. "Safari hii vitakaa," akaniambia, kwa ukali, kana kwamba nimembishia. Alipofariki alikuwa akikuna nazi ya chakula ambacho hakikuwa na chombo cha kwendea.

Mnajua msiba wetu. Wanaume tulitandikiwa mikeka kichochoroni, wanawake wakawa ndani. Mrithi ni mpwa wake, binti wa dada yake, anayeishi Tudor, mtu mwema na mwenye haraka za kazi, naye alikuja na maboksi kabisa. Nilimsikia akimwambia mtu mlangoni kwamba gorofani kwake hakuna pa kuweka vyombo, na kwamba mwenye mkahawa ameshauliza. Nikajifariji kwamba hakuna cha kutia ndani ya maboksi. Kisha magharibi ikakaribia, wakaanza kuja. Nyumba ya msiba haiwashi jiko, kwa hivyo majirani ndio huleta chakula, na ni chombo gani ambacho kila jirani alikuwa nacho jikoni, kimeoshwa, kinangoja kurudi kwa mwenyewe? Ikapita sahani ya maua mekundu na pilau. Likapita bakuli la pengo, limebebwa na ajuza mwenyewe, mkaza mwana amemshika kiwiko. Wakapita samaki wawili na mkate wa mayai, na aliyewabeba ni mke wangu. Vyote vilikuwa vinarudi. Vilikuja kwa adabu, vimefunikwa makawa, vinaingia nyumba yenye maboksi, na mimi nimekaa mkekani kama mjinga, ndiye mtu pekee aliyejua kinachotendeka. Nilisikia uchungu hata nikashindwa kufungulia tende.

Ilinibidi niseme. Baada ya kusali nilimwita mke wangu pembeni ya ngazi nikamtolea yote, bohari, mawaridi, supu, pengo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na haya umekuwa nayo tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Ukala mahamri yangu kimya." Akanipima kwa macho, kisha akatikisa kichwa. "Nyote wawili mwajua vyombo, tanzia hamuijui. Chakula cha tanzia kikishaliwa, chombo huregeshwa kitupu kwa aliyekileta. Nyumba haipiki, itatia nini ndani? Na ukipokea kitupu kutoka msibani hudaiwi jibu, hata ungetaka." Alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea jikoni kabla sijafunga mdomo.

Niliyoyapata ya jikoni ni kwa maneno yake. Anasema mpwa alikaa juu ya boksi mojawapo akalia kidogo, akasema, "Halati angenambia, ningevipeleka kwa mkono wangu," naye akamjibu, "Na vingeregea kwa mkono wao." Wakakunja mikono ya nguo wakaviosha vyote. Wakati wa kuagana wanawake walikuta vyombo vimepangwa kando ya mlango, na kila mmoja akatiwa mkononi kile alichokuja nacho. Walipinga, bila shaka. Hawa ni watu waaminifu. "Lakini hiki ni cha marehemu," nilimsikia mmoja akisema, na mwingine, na mwingine tena. Mpwa alikuwa na jibu moja tu, na alilisema kwa upole kila mara: "Kimekuja na chakula cha tanzia, hurudi kitupu." Nani atabishana na hilo, tena mlangoni pa maiti? Wakatoka mmoja mmoja, chombo kifuani ndani ya buibui, kama alivyokuwa akivitoa yeye ujanani.

Mkaza mwana wa ajuza alibaki kusaidia kufagia, na kwa kuwa nyumba yao iko njiani nikaombwa nimfikishe ajuza. Tulitembea polepole. Alikuwa ameshika bakuli kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mkono wa pili, na kila baada ya nyumba mbili tatu nilihisi vidole vyake vikiniachia kwenda ukingoni na kurudi. Tulipofika kwenye kibaraza chao akasimama.

"Mna kitu ndani yake?"

"Hamna, bibi. Ni tupu."

Hakuniamini. Alipitisha kiganja ndani ya bakuli lote, taratibu, mpaka chini. "Tupu," akasema. "Alhamdulillahi. Leo limefika." Nikamuuliza kama alikuwa akijua. "Siku ile ya supu nalijua. Kidole changu hakisahau fimbo."

"Mbona basi hukulichukua, bibi? Alikuletea mara ngapi?"

"Sikuletewa bakuli mimi, mwanangu. Naliletewa tambi. Ningalilishikaje?" Akalitia bakuli kwapani. "Na ningalisema ni letu, angalitahayari. Alikuwa jirani mwema."

Akaingia ndani. Nami nilibaki pale kibarazani, pikipiki ikapita karibu initie ukutani, nikashindwa hata kuitukana. Wanawake wawili wa mtaa mmoja walipelekeana bakuli moja kwa miaka, kila mmoja akijua, kila mmoja akimhifadhi mwenziwe na aibu, mpaka kifo kikaja kufanya kazi ambayo sentensi moja ingeifanya. Sijui niwasifu au niwagombeze. Nawasifu asubuhi, nawagombeza jioni, ndiyo maana situlii.

Kombe la samaki liko kwetu. Kidaka cha sebuleni kilikuwa na kisanduku cha intaneti na funguo za nyumba, mke wangu akavihamishia jikoni, na safu hii naituma nikiwa nimesimama karibu na masufuria natafuta mtandao. Nikimkumbuka bibi wa vyombo namwona amekaa kwenye ngazi ile, ananiuliza "Na weye pia?", na mimi nina mahamri mikononi na sina jibu. Jibu ninalo sasa, limechelewa kwake, huenda likakufaa wewe. Ukiwa na kitu cha mtu, usikifunike kwa biriani. Mpelekee kitupu, umwambie ni chake, mtahayari pamoja mkiwa hai.